Ndaye Mulamba (1948–2019): mabao ya Kairo na mwenye mabao

Tangu Kombe la Mataifa ya Afrika lianze kuchezwa mwaka 1957, hakuna mchezaji aliyefunga mabao mengi katika mashindano ya mwaka mmoja kumpita Ndaye Mulamba wa Zaire. Alifunga mabao 9 nchini Misri mnamo Machi 1974. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire, aliyefunga 8 nchini Sudani mwaka 1970. Baada yake wamepita washambuliaji wengi mashuhuri, wengine wakiwa nyota wa vilabu vikubwa vya Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyefika 9.

Mabao hayo yalihesabiwa vyema. Kila moja lina mechi yake, na yale ya fainali yana dakika zake. Mwenye mabao hakupata bahati ya kuhesabiwa hivyo. Miezi mitatu tu baada ya Kairo, mwamuzi wa Kombe la Dunia alimtoa uwanjani kwa kosa lililofanywa na mwenzake. Miaka 24 baada ya Kairo, wachezaji na watazamaji wa kombe lile lile la Afrika walisimama kimya kumwombolezea, hali yeye yu hai, anatafuta riziki katika nchi ya ugenini. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mpira ya mtu huyo kwa kuziweka mahali pamoja kumbukumbu hizo mbili, ile ya karatasi za mechi na ile ya mtu mwenyewe.

Msomaji wa jarida la masomo ya Kiswahili ana haki ya kuuliza: mzaliwa wa Kananga, mji wa wasemaji wa Ciluba, aliyepata sifa zake Kinshasa, mji wa Kilingala, anaingiaje katika kurasa hizi? Jibu letu linaanzia kwenye jina lake la uwanjani.

Mutumbula

Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 mjini Luluabourg, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kananga. Wazazi wake walimbatiza Pierre. Mwaka 1972 siasa ya uhalisi iliyoanzishwa na Rais Mobutu iliwavua raia wote majina ya Kikristo, hivyo katika orodha za timu akabaki Ndaye Mulamba. Serikali iliweza kuyaondoa majina ya padri. Majina ya washangiliaji ilikuwa haina mamlaka juu yake. Ndaye alikuwa nayo mawili.

La kwanza, Volvo, ni jepesi kulieleza. Miaka ile jukwaa la watazamaji katika sehemu zetu lilipenda kuwasifu wachezaji kwa majina ya mitambo na vitu vya kiwandani. Pierre Kalala wa Englebert ya Lubumbashi, ambaye bao lake liliipatia Kongo kombe la Afrika mwaka 1968, aliitwa Bombardier. Ng'ambo ya mpaka, Godfrey Chitalu wa Zambia aliitwa Ucar, chapa ya betri za redio na tochi, kwa kuwa hakuishiwa nguvu. Volvo ni wa ukoo huo: gari zito, imara, lisilokwama njiani. Mtaalamu wa lugha akiyakusanya majina haya ya Ukanda wa Shaba na Kasai atapata picha nzuri ya namna watu wa migodini na wa reli walivyoona nguvu. Kwao nguvu ilikuwa na injini.

Jina la pili ni zito zaidi. Waandishi wa habari wa nje waliotaja jina la Mutumbula aghalabu walilifasiri kwa neno moja, «muuaji», wakasonga mbele. Tafsiri hiyo haitoshi. Mzee yeyote wa Katanga au wa Kasai aliyekulia wakati wa Wabelgiji anajua kwamba mutumbula hakuwa muuaji wa kawaida. Batumbula walikuwa watu wa usiku. Ilisemekana walitumwa na wazungu kuwanasa Waafrika waliochelewa njiani, na kwamba aliyenaswa hakuonekana tena. Katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière hofu hiyo ilikuwa na jina jingine la Kiswahili chetu, simba bulaya, yaani simba waliotoka Ulaya. Wazambia waliwaita banyama. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa na wazimamoto wao, na watu wa pwani mumiani. Wanahistoria wamekwisha onyesha kwamba masimulizi haya, kutoka pwani hadi Kasai, yalikuwa njia ya watu kuuzungumzia ukoloni: kazi inayonyonya mwili, mshahara usioeleweka, mtu anayeondoka asirudi.

Kumpa mshambuliaji jina hilo ni jambo la ujasiri. Tunavyoona sisi, washangiliaji waliigeuza hofu ya baba zao kuwa mchezo. Mtu wa usiku sasa alikuwa upande wao, na aliyepaswa kuogopa kunaswa ni mlinda mlango wa timu ngeni. Jina lilimfaa pia kwa namna alivyocheza. Ndaye hakuwa mtu wa chenga nyingi za kufurahisha macho. Alikuwa mtu wa kutokea, beki akiwa amekwisha msahau, mahali mpira utakapoangukia.

Mchezaji wa kulipwa asiye na mkataba

Alianza katika timu za Kananga, Renaissance du Kasai na Union Saint-Gilloise, akapitia Bantous ya Mbuji-Mayi, mji wa almasi, kisha mwaka 1972 akajiunga na AS Vita Club ya Kinshasa. Katika kabumbu ya Zaire ya siku hizo hiyo ndiyo ilikuwa ngazi ya kupanda: mkoa kwanza, halafu mji mkuu au Lubumbashi. Baada ya hapo hakukuwa na ngazi nyingine, na sababu yake tuieleze.

Wakongo walikuwa wamekwisha cheza Ulaya mapema sana. Léon Mokuna alikwenda Sporting ya Lisbon mwaka 1954, kisha Gent. Paul Bonga Bonga alichezea Standard ya Liège. Mwaka 1966 serikali ya Mobutu iliwaita nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji ili waijenge timu ya taifa, na tangu hapo wachezaji bora hawakuruhusiwa kuondoka. Matunda yalionekana upesi. Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Timu ya taifa ikachukua kombe la Afrika huko Ethiopia mwaka huo wa 1968. Bwanga Tshimen, beki wa Mazembe, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Timu bora barani ilijengwa kwa kuufunga mlango wa kutokea.

Je, Ndaye alikuwa mchezaji wa kulipwa? Swali hili si la kisheria tu. Aliishi kwa mpira, na mpira ndio uliokuwa kazi yake ya kila siku. Lakini alicholipwa kilikuja kwa njia ya zawadi: bahasha kutoka kwa kiongozi wa klabu, gari, nyumba, nishani. Mtu mwenye mshahara anaweza kudai. Mtu wa zawadi hushukuru, na siku mtoaji akinuna hana karatasi ya kuonyesha. Katika Kiswahili tunayatofautisha mambo hayo kwa maneno mawili mafupi, ujira na bahashishi, na historia yote ya Simba na Chui wa Zaire yaweza kusomwa katika nafasi iliyo kati ya maneno hayo.

Mwishoni mwa 1973 Vita ilifika fainali ya kombe la vilabu bingwa dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi walifungwa 4–2. Kinshasa walishinda 3–0, wakawa mabingwa. Mwezi Desemba huo huo timu ya taifa iliifunga Moroko 3–0 nyumbani na kujihakikishia safari ya Ujerumani ya Magharibi. Hakuna nchi ya Afrika kusini ya Sahara iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia. Rais aliwapa wachezaji gari na nyumba kila mmoja.

Kairo

Kocha alikuwa Blagoje Vidinić wa Yugoslavia, mlinda mlango wa zamani mwenye dhahabu ya Olimpiki ya 1960, aliyekuwa ameipeleka Moroko katika Kombe la Dunia la 1970. Timu aliyoipeleka Misri ilikuwa ya vilabu vitatu au vinne vilivyojuana vizuri. Lubumbashi ilitoa uti wa mgongo wa nyuma: Kazadi Mwamba golini, Bwanga Tshimen, Mwepu Ilunga na Mwanza Mukombo mbele yake. Kinshasa ilitoa kiungo na ushambulizi: Kidumu Mantantu, nahodha, na Kakoko Etepe wa Imana, Mayanga Maku na Ndaye wa Vita.

Katika mechi za kundi Zaire iliifunga Ginea 2–1, mabao yote mawili yakiwa ya Ndaye, ikaifunga Morisi 4–1, moja likiwa lake, na ikafungwa 2–1 na Kongo-Brazzaville, waliokuwa mabingwa wa 1972. Kufungwa na jirani wa ng'ambo ya mto kuliwauma watu wa Kinshasa kuliko tuwezavyo kueleza hapa, lakini hakukuzuia safari.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Misri wenyewe, mjini Kairo, mbele ya watu wao. Misri ilitangulia kwa mabao 2. Kipindi cha pili Ndaye alirudisha moja, Kidumu akasawazisha, na Ndaye akafunga la tatu. Mechi hii, kwa maoni yetu, ndiyo iliyomfanya Ndaye kuwa Ndaye. Mabao ya kundi yangeweza kufungwa na mshambuliaji yeyote mzuri. Kuigeuza mechi ya aina hii, ugenini, timu yako ikiwa nyuma kwa mawili, ni kazi ya mtu ambaye wenzake wamekwisha kubali kwamba mpira upelekwe kwake.

Fainali ya tarehe 12 Machi iliwakutanisha na Zambia. Watu wa Lubumbashi wanaelewa fainali hiyo kwa namna ambayo mtu wa Kinshasa hawezi kuielewa. Shaba ni moja, njia ya reli ni moja, Kibemba kinasikika Kasumbalesa pande zote mbili, na nyumba nyingi za Kenya au Katuba zilikuwa na shangazi Kitwe au mjomba Ndola. Zambia walifunga kwanza, dakika ya 40. Ndaye alisawazisha dakika ya 65. Katika muda wa nyongeza, dakika ya 117, Ndaye alifunga tena, na kila mtu alidhani mambo yamekwisha. Dakika ya 120 Brighton Sinyangwe akasawazisha.

Siku hizo fainali haikuamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Timu ziliambiwa zirudi baada ya siku mbili, tarehe 14, katika uwanja ambao sasa ulikuwa na watazamaji wachache mno. Ndaye alifunga dakika ya 30 na dakika ya 76. Zaire 2, Zambia 0. Mawili, moja, mawili, mawili na mawili: tisa. Kati ya mabao 9 hayo, 6 yalifungwa katika mechi tatu za mwisho, na katika fainali mbili za Kairo hakuna Mzaire mwingine aliyefunga. Takwimu hii ya mwisho hutajwa mara chache, nasi tunaiona kuwa na uzito kuliko ile ya tisa.

Aliporudi nyumbani alitunukiwa Nishani ya Chui. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Gelsenkirchen

Kuhusu Ujerumani mengi yameandikwa, na mengi kwa kucheka. Sisi tutaangalia nusu saa moja tu.

Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni huko Dortmund, Zaire ilifungwa 2–0 na Uskoti. Haikuwa aibu, watazamaji wengi wasio na upande waliwasifu. Kisha, kwa ushuhuda wa wachezaji wenyewe, wakapata habari kwamba fedha walizoahidiwa hazipo, kwamba zimepita katika mikono ya maofisa waliofuatana nao na hazikutoka tena. Walitaka kugoma. Walishawishiwa kuingia uwanjani, wakaingia miili bila mioyo.

Tarehe 18 Juni huko Gelsenkirchen walikutana na Yugoslavia, nchi ya kocha wao. Katika dakika 18 za kwanza walikuwa wamefungwa mabao 3. Kazadi alitolewa golini, akaingia Tubilandu Ndimbi. Mara tu baada ya badiliko hilo, dakika ya 22, Katalinski alifunga la nne. Wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia, wakidai kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Katika zogo hilo mtu mmoja alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Delgado aligeuka, akamwona Ndaye, akamtoa nje.

Aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga. Mwepu mwenyewe alikiri jambo hilo baadaye bila kuficha. Lakini siku ile haikusaidia kitu. Kadi nyekundu ilikuwa ngeni bado. Ya kwanza kabisa katika historia ya Kombe la Dunia ilikuwa imeonyeshwa siku nne tu kabla, kwa Carlos Caszely wa Chile. Mechi ziliamuliwa kwa macho ya mtu mmoja, na macho ya Delgado yalikuwa yanatazama upande mwingine. Wachezaji kumi na moja weusi katika jezi moja, mmoja amekosa, na mmoja aliye karibu analipa. Hatumtuhumu mwamuzi kwa ubaya wa moyo. Tunasema tu kwamba hakumjua mchezaji aliyekuwa mfungaji mkubwa kuliko wote barani Afrika mwaka ule, hata aweze kumtofautisha na beki wake wa kulia.

Zaire ilifungwa 9–0. Idadi ni ile ile, na wenye dhihaka hawakukosa kuiona: tisa za Kairo na tisa za Gelsenkirchen.

Ndaye hakucheza mechi ya tatu, dhidi ya Brazili, tarehe 22 Juni, kwa sababu ya adhabu. Ndiyo mechi ambayo Mwepu alichomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu ambao Wabrazili walikuwa bado hawajaugusa. Televisheni za Ulaya ziliirudia picha hiyo kwa miaka mingi kama kichekesho cha Mwafrika asiyejua sheria. Mwepu alieleza baadaye kwamba sheria aliijua, na kwamba wachezaji walikuwa wametishwa na watu wa rais: wakifungwa na Brazili zaidi ya mabao 3 wasitazamie mema nyumbani. Matokeo yalikuwa 3–0. Kwa hiyo yale yaliyoonekana kwa wengine kuwa ni ujinga yalikuwa ni hofu. Mutumbula wa masimulizi alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya zamani, ila safari hii hakutumwa na wazungu.

Baada ya kelele

Walirudi bila shangwe. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo huo Kinshasa ilishuhudia pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, kila mmoja akiahidiwa dola milioni 5. Fedha za kuitangaza nchi zilikuwa zimehama kutoka kwenye mpira. Wakati huo huo bei ya shaba, iliyofikia kilele mwezi Aprili 1974, ilianguka, na utaratibu wa kukabidhi biashara za wageni kwa wateule wa serikali, uliotangazwa Novemba 1973, ulikuwa umeanza kuyatikisa masoko. Mwanahistoria wa uchumi na mwanahistoria wa mpira wanakutana hapa: nchi ilifika kileleni na kuanza kuteremka katika majira yale yale.

Milango ya Ulaya haikufunguliwa kwa Ndaye. Mwenzake Kakoko Etepe alikuja kuchezea Stuttgart miaka ya 1980 ilipoanza, lakini wakati huo Ndaye alikuwa amepita miaka 30. Alibaki Vita hadi mwisho wa maisha yake ya uchezaji. Miaka hiyo tunaipita haraka, kwa kuwa haikuwa na lolote la kulingana na majira ya 1973–1974. Wachezaji wengi hupewa nusu saa ya umaarufu na miaka kumi ya kuikumbuka; yeye alipewa siku kumi na miaka arobaini na mitano.

Mwaka 1994 Shirikisho la Mpira la Afrika lilimwalika Tunisia, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, limheshimu kwa rekodi yake ya miaka 20. Ilikuwa heshima ya kweli. Ilikuwa pia hatari, na waliomwalika hawakuweza kuiona kutoka Tunis. Zaire aliyorudi ilikuwa nchi iliyokwisha porwa mara mbili na askari wake wenyewe, mwaka 1991 na mwaka 1993, mara ya pili baada ya kulipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa. Katika nchi kama hiyo, mtu aliyetoka ng'ambo kuvishwa medali alionekana kuwa ni mtu aliyerudi na fedha. Watu wenye silaha walimvamia wakizitafuta. Fedha hazikuwapo. Walimpiga risasi ya mguu, mguu wa mshambuliaji, na katika masaibu hayo alimpoteza mwanawe.

Mwaka 1996 alikimbilia Afrika Kusini, Johannesburg kwanza, halafu Cape Town. Alikuwa mkimbizi miongoni mwa maelfu ya Wakongo waliochukua njia hiyo, wengi wao wakitokea Katanga na Kivu, wakipitia Zambia, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha mabarazani mwa wageni katika miji ile. Hakuwa na kazi. Ulevi ulimpata. Alilinda magari ya watu katika maegesho, kazi ambayo wageni wengi wa Kongo wanaifahamu huko: unasimama juani, unampungia mkono dereva anayeondoka, naye akitaka anakuangushia sarafu. Kwa mara nyingine, bahashishi.

Ndipo ikaja Februari 1998. Kombe la Mataifa lilikuwa Burkina Faso, na habari zilifika kwamba Ndaye Mulamba amekufa katika ajali ya mgodi wa almasi nchini Angola. Habari ilikuwa na umbo la kuaminika. Vijana wengi wa Kasai waliozaliwa karibu na almasi walikuwa wakivuka mpaka kwenda kuzichimba Angola, na wengi hawakurudi. Hakuna aliyethibitisha. Dakika moja ya ukimya ilitolewa uwanjani. Katika mashindano hayo hayo Hossam Hassan wa Misri na Benni McCarthy wa Afrika Kusini walifunga mabao 7 kila mmoja, na hadi wakati huo hakuna wengine waliokuwa wameikaribia rekodi ya Ndaye kiasi hicho tangu 1974. McCarthy ni mtoto wa Cape Town. Kijana aliyekaribia kumfikia alikuwa ametoka katika mji ule ule ambamo marehemu wa uongo alikuwa akilinda magari.

Tujiulize habari kama hiyo inawezekanaje. Mtu asiyejulikana akipotea, hakuna anayetangaza kifo chake. Mtu anayejulikana akiwa na nchi inayomtunza, kifo chake hakitangazwi bila simu moja kupigwa. Ndaye alikuwa katikati: jina lake lilijulikana kiasi cha kuombolezwa, naye mwenyewe hakuwa na mtu wa kupigiwa simu. Tukikumbuka yale masimulizi ya batumbula, huu ndio ulikuwa mwisho wa kila aliyenaswa: familia inajua ametoka, haijui amefika wapi, na baada ya muda inakaa matanga bila maiti.

Alizirudia siku zake polepole. Alioa mwanamke wa Afrika Kusini, akafundisha timu ndogo za mitaani. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza, tena katika nchi alikokuwa mkimbizi, wageni walianza kumtafuta. Filamu kuhusu maisha yake, iliyoitwa «Dhahabu Iliyosahauliwa» kwa Kiingereza, ilitolewa mwaka huo, na Claire Raynaud akachapisha kitabu cha Kifaransa kuhusu maisha yake, «La mort m'attendra», yaani kifo kitaningoja. Mtu aliyekwisha ombolezwa miaka 12 nyuma alikuwa na haki ya kichwa hicho.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya maradhi, na magoti yaliyomfikisha Kairo yalikuwa hayawezi tena kumbeba; alitumia kiti cha magurudumu. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na umri wa miaka 70. Safari hii habari ilikuwa ya kweli.

Mwepu Ilunga alikuwa amefariki miaka minne kabla yake, mwaka 2015, akiwa amekwisha sema waziwazi kwamba teke la Gelsenkirchen lilikuwa lake. Katika kumbukumbu za Kombe la Dunia, mechi ya Yugoslavia na Zaire, dakika ya 22, mchezaji aliyetolewa nje bado ameandikwa Ndaye.